Mazishi Niliyoyakosa Nikiwepo

Selemani tulimzika Alhamisi, kabla ya swala ya alasiri, na mimi nakumbuka kila kitu. Nakumbuka kitambaa cha kijani kilichofunika jeneza, kilikuwa na tundu dogo lililounguzwa na kitu upande wa miguu. Nakumbuka mtu aliyetangulia mbele yangu kubeba, kisigino chake kilikuwa kimepasuka. Nakumbuka kwamba udongo ulikuwa mkavu juu na baridi chini, maana nilitia mkono mpaka ndani. Nayaandika haya kwanza kwa sababu najivunia. Wengine wanajivunia nyumba au watoto waliosoma. Mimi najivunia kukumbuka mazishi, na asiyeelewa asome mpaka mwisho. Tuliporudi nyumbani kwake Buyenzi nilimkuta Mama Nadine amekaa ameegemea ukuta pamoja na wanawake wengine. Amezeeka sasa, mguu mmoja umevimba, lakini sauti ni ile ile ya kuita mtu kama anamwita kazini. Aliniita, nikachuchumaa mbele yake. Akasema, "Eliya, nani atawaambia bale bapya jinsi ilianza?" Alikuwa anasema wale wapya wanaojiunga na kundi letu. Nikamwambia yeye anasema vizuri kuliko mimi. "Mi nasema, maneno inaenda," akajibu. "We andika. Andika ule mwaka wa mama yako. Na usipambe." Mimi niliishia darasa la sita, na barua moja tu hunichukua siku mbili, kwa hiyo kazi hii imekula majira mazima ya mvua. Lakini sijapamba.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mbeba mizigo pale bandarini. Tulikuwa tunashusha saruji na unga na vitu vya plastiki kutoka boti za Kigoma, na siku nyingine mbao kutoka Kongo. Mama alikuwa amefariki mwezi wa mvua kubwa, na tangu hapo nilikuwa nakunywa kanyanga, ile pombe kali inayopikwa kwa kujificha, tangu asubuhi mpaka usingizi. Niliitia kwenye chupa ya maji, nayo haina rangi, basi mtu akiniona alifikiri nina kiu. Sikuwa mlevi wa kelele. Hilo watu hawalijui: kuna walevi wanyamavu. Mimi tangu utoto sikuwa mtu wa kusema, nikiulizwa jina mbele ya watu nilitazama miguu yangu, na kanyanga ilinipa ruhusa ya kunyamaza zaidi. Nilibeba gunia, nikanywa, nikabeba gunia. Aliyenipatia kazi ile alikuwa Baba mdogo Gaspard, ndugu wa marehemu baba yangu, wakala wa forodha mwenye nyumba Kibenga, nyumba ambayo ukikaa barazani unaona ziwa lote. Yeye alikuwa anapita bandarini na makaratasi yake, ananiona, anapunguza mwendo, halafu anaendelea. Siku moja nilimsikia akimwambia msimamizi, "Yule alituaibisha mbele ya padri siku ya kumzika mama yake. Mumuvumilie tu, ni damu yangu." Nilikuwa nyuma ya rundo la magunia. Nilikunywa mara mbili kabla ya kutoka.

Siku Selemani aliponiona nilikuwa nimekaa juu ya saruji, tunangoja boti ifungwe kamba. Alikuja kuchukua sanduku la vipuri. Alikuwa mtu mfupi, ndevu amezichonga vizuri, kucha zimekataa kabisa kutoka weusi wa grisi. Nilimpa karatasi yake aitie sahihi, karatasi ikawa inatetemeka mpaka akaishika upande wa pili ili aweze kuisoma. Akauliza hiyo mikono ina nini. Nikasema ni homa. "Homa," akasema. "Mi nilikuwa na hiyo homa miaka kumi na moja. Nilikuwa naificha ndani ya tairi ya spea. Imamu hakuiona, muke wangu hakuiona. Ni tairi tu ilijua." Akatia sahihi, akakunja karatasi. "Kuja kwa garage yangu Jumatano, nyuma ya alasiri. Hautasema kitu. Utakaa tu." Kama angeniambia kwamba huko watu wanasema, nisingekwenda. Nilikwenda kwa sababu ya yale maneno mawili, hautasema kitu, na mpaka leo mtu mpya akija mlangoni ndiyo maneno ninayompa.

Chumba kilikuwa nyuma ya karakana, mahali alipokuwa anaweka vitu vilivyong'olewa kwenye magari. Milango ya gari ilisimama imeegemea ukuta kama vitabu, na sisi tulikaa kwenye viti vya basi dogo lililokuwa limekufa, viti vya watu watatu watatu, vyenye ngozi ya bandia iliyochanika na sponji ya njano inayotoka. Ulikuwa unakaa umebanana na mtu utake usitake. Dirisha lilikuwa moja, na nyuma ya ukuta ilikuwa madrasa, kwa hiyo kila tulichosema kilisemwa juu ya sauti za watoto wanaosoma pamoja. Mwalimu akiwanyamazisha, na sisi tulinyamaza, bila kupanga. Mama Nadine alikuwa analeta chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa. Zamani alikuwa sekretari katika ofisi moja ya serikali huko Kigobe, mpaka siku aliposinzia juu ya mashine na harufu ikamsema, na tangu hapo alikuwa anatufanya sisi ndio ofisi yake: huchelewi, hukai na kofia, humkatizi mtu. Kazungu, muuza nguo za mitumba, mtu mkubwa sana aliyekuwa anachukua kiti cha watu watatu peke yake, alileta karanga za kukaanga na utani. Siku yangu ya kwanza alinitazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Selemani, huyu umemutoa wapi? Hata kivuli yake inaona haya." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ndani ya kikombe.

Hatukuhesabu siku. Nasikia sehemu nyingine wanahesabu siku tangu mtu alipoacha, na wanapiga makofi. Selemani hakutaka. Alisema anayehesabu siku ni mtu anayengoja kutoka. Sisi tulikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo ilitoka kwenye ufundi wake. Ukifungua injini, alisema, unatandika kitambaa chini, na kila kipande unachokitoa unakipanga kwa mpangilio uliokitoa. Kimoja kikikosekana, hata kiwe kidogo namna gani, hauifungi. Ukiifunga hivyo, itakufia njiani. Basi yeyote aliyefiwa, na hapakuwa na mtu mle ndani ambaye hakufiwa, alikuwa anatakiwa kupanga ile siku. Siyo kueleza uchungu, siyo kuomba, siyo kujilaumu. Kupanga tu: uliamka saa ngapi, ulivaa nini, nani aliingia, alisema nini, mlikula nini. Na sisi wengine tuliruhusiwa neno moja tu, halafu. Ukisema neno lingine Mama Nadine alikupiga jicho.

Yeye mwenyewe nilimsikia akipanga siku yake wiki yangu ya tatu. Alisema kwa sauti ya kusoma ripoti. Binti yake Nadine alikuwa hospitali siku mbili, homa, na yeye alikuwa amerudi nyumbani kupika. Akaweka maharage jikoni. Saa mbili asubuhi mtu akapiga simu. Halafu? Akazima moto. Halafu? Akakaa. Halafu? "Halafu nikauwasha tena," alisema. "Nikasema maharage haijaiva, nani atakula maharage mabichi. Nikayapika mpaka yakaiva. Nikatia chumvi. Ndiyo nikaenda." Kazungu alikuwa anajipangusa uso kwa shati la mtumba lililokuwa bado na karatasi ya bei. Baadaye niliambiwa alikuwa ameisimulia siku ile mara nne kabla, na mara zote nne simu ilipopigwa alikwenda hospitali moja kwa moja. Chumvi ilikuwa inatoka kwa mara ya kwanza. Ndiyo aliyokuwa anaikimbia kwa pombe miaka saba, chumvi ile. Siku hiyo, tulipokuwa tunakusanya vikombe, nilimuona akila karanga, moja moja, kama mtu aliyetoka kwenye safari ndefu.

Mimi nilinyamaza miezi minne. Kanyanga nilikuwa nimeiacha mwezi wangu wa pili mle ndani, baada ya kuirudia mara mbili, na hapa lazima niseme kitu ambacho watu wazuri hawakuniambia kabla. Walisema ukiacha utapata nguvu, utapata hamu ya kula, utalala. Ni kweli nilianza kula. Nilikuwa nanunua ndagala, dagaa wa ziwani, na ugali kwa mwanamke mmoja nje ya geti la bandari na ninalamba sahani. Lakini nilipoacha pombe, mama alikufa upya. Mara ya kwanza nilimlilia nikiwa nimelewa, na kifo chake kilikuwa kama kelele ya redio ya jirani. Sasa nilikuwa naamka sina kitu tumboni wala kichwani, na amekufa, amekufa kabisa, na kitanda chake kipo. Watu wengi wanarudia chupa hapo, siyo kwa sababu ni dhaifu. Wanarudi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba nyuma ya pombe kuna maiti inawangoja. Mimi nisingepita peke yangu. Nasema hivi waziwazi kwa wale wanaopenda kusema mtu akitaka kuacha ataacha. Nilitaka kila asubuhi. Aliyenipitisha ni kiti cha basi chenye watu wawili wengine, mmoja kushoto, mmoja kulia.

Mwezi wangu wa tano nilisema. Watoto wa madrasa walikuwa kwenye mapumziko, kulikuwa kimya kibaya. Nikasema, mama yangu alifariki Alhamisi jioni, tukamzika Jumamosi. Halafu? Ijumaa watu walikuja, tukakesha. Halafu? Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nikasema, "Jumamosi sikumbuki." Selemani akasema kwa upole, halafu? Nikasema hapana, hamuelewi, sikumbuki hata dakika moja, nililewa, Jumamosi haipo. Ninachojua ni kile wanachosema: nililewa, nikamtukana padri kaburini, nikaondolewa. Ndiyo mara ya kwanza Mama Nadine mwenyewe alivunja sheria yake. "Nani anasema?" Nikamwambia, watu wote. "Watu wote ni nani? Wana majina?" Nikaanza kuwahesabu kwa vidole. Jina lilikuwa moja, Baba mdogo Gaspard. Selemani alikuwa anazungusha kofia yake mkononi. "Bon, sawa," akasema. "Vipande havijapotea. Viko kwa watu. Tutaenda kuvichukua."

Mpaka leo sijaona kundi lingine likifanya kitu kama hicho, watu watatu waliokuwa walevi, mimi, Selemani na Mama Nadine, wanapita nyumba kwa nyumba mchana kweupe kuuliza mazishi yalikuwaje. Tulianza kwa Mama Zawadi, jirani aliyekuwa anagawana ukuta na mama. Alikuwa anamenya ndizi uani. Alipomsikia Mama Nadine akieleza, aliweka kisu chini akanitazama mimi, siyo yeye. "Kumbe we haujui?" akasema. "Mutoto wangu, ile asubuhi we uliamka mbele yetu wote. Saa kumi na mbili ulikuwa unafagia uwanja. Nikakuambia acha, kuna wanawake, ukasema mama hapendi uchafu. Ukaosha vikombe. We ndiye ulichagua kitenge tulimuvalisha, kile cha kijani, kiko na samaki. Ulikuwa hujanywa hata tone." Nikauliza kwa sauti ambayo sikuijua, halafu? Akachukua kisu tena. "Halafu Gaspard akakuja na kikombe. Akasema kunywa, mwanaume hawezi kusimama mbele ya sanduku hivi hivi. Ukasema apana. Akasema kunywa, nani atashika msalaba kama we unaanguka. Ukakunywa. Akajaza tena. Mi nilihesabu vikombe vinne, halafu nikaenda kugeuza ndizi."

Dereva wa pikapu iliyobeba jeneza la mama tulimkuta karibu na soko, amelala chini ya gari lake, na alisimulia bila kutoka, tukawa tunaongea na viatu vyake. Alisema mimi sikumtukana mtu. Padri alipotaka kuanza, nilisema, subiri, sijamuaga. Padri akangoja. Nikasema tena, subiri, sijamuaga, na sikuaga, nikabaki nasema hivyo hivyo, ulimi mzito, mara tatu, mara nne, mvua inaanza. Ndiyo wanaume wakanishika mikono wakaniweka ndani ya pikapu. "Mi nilibaki na we," viatu vilisema. "Uliweka kichwa pale mbele, kwenye usukani. Ukalala. Honi ikalia, nikakutoa. Udongo haukutia. Nilifikiri unajua."

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena, nilikuwa natembea mbele yao kama ninakwenda kupiga mtu, na nilikuwa nakwenda kweli, nilikuwa nakwenda Kibenga. Mama Nadine alinishika shati nyuma. "Gaspard alikupa kikombe," akasema, anahema. "Ni kweli. Alifanya vibaya, au alifikiri anasaidia, mi sijui roho yake. Lakini kilikuwa mu mukono ya nani?" Nikamwambia aniache. "Nakuuliza. Mukono ya nani?" Nikasema, yangu. "Na vile miezi yote nyuma yake?" Yangu. "Bon. Sasa unaweza kukasirika vizuri." Selemani akanunua miwa ya vipande, tukala tumesimama kando ya barabara, tunatema makapi, na mimi nilikuwa nafikiri juu ya yule kijana anayefagia saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimemwonea aibu miezi saba bila kumjua.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Baba mdogo alikuja chumbani kwangu siku ya Jumapili, ametoka misa, amevaa suti. Alipangusa kigoda kwa leso kabla ya kukaa. Kwetu matanga hayaishi yenyewe. Baada ya muda ukoo unakutana kuyaondoa, sisi wa mjini tunasema levée, na katikati ya watu unawekwa mtungi wa pombe ya mtama wenye mirija mirefu. Mtoto wa marehemu anavuta kwanza. Akivuta, msiba umekwisha, watu wanaweza kuoa na kuolewa. Akikataa, ni kama kaburi limeachwa wazi. Mimi nilikuwa mtoto pekee. Na binti yake Gaspard alikuwa ameposwa, harusi ilikuwa inangoja mtungi ule.

"Jumamosi ya pili, kwangu," alisema. "Hema iko, viti viko, watu wamealikwa. We utavuta kidogo tu."

"Baba mudogo, mi siku hizi sikunywi."

"Nimesikia. Unaenda kwa wale wa garage." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Ni vizuri. Mais Eliya, lakini ile si kunywa. Ile ni heshima. Siku ya kumuzika mama yako ulikunywa mpaka ukatuletea haya. Sasa ya heshima, mrija moja, ndiyo unakataa?"

Nilitazama miguu yangu. Alisimama, akaweka mkono begani kwangu, na ulikuwa mkono wa upendo, hilo ndilo lilikuwa gumu. "Usinifanye kitu mbele ya wakwe," akasema. "Na pale bandarini, ni mi ninakusimamia."

Jumatano chumba kiligawanyika. Mmoja alisema nisiende kabisa, kwa nini mtu aliyetoka kwenye moto aende kuota moto. Kazungu ndiye aliyekuja na akili. "We weka mrija mudomoni, usivute. Kaza mashavu hivi." Akaonyesha, mashavu yake makubwa yakaingia ndani, tukacheka sana. "Nani ataona? Watapiga makofi, harusi itafanyika, we unarudi mukavu." Nakiri kwamba nililipenda wazo lile. Lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Lakini Selemani hakucheka. "Mi nilifanya hiyo miaka kumi na moja," akasema. "Niliweka paji la uso chini msikitini na tairi ilikuwa inaningoja. Kuigiza ninaijua. Mudomo inaigiza mara moja tu, mara ya pili inavuta." Kila mtu akanitazama. Nikasema nitakwenda, na sitavuta, na sitaigiza. Nikasema ukoo unataka msiba wa mama uondolewe, na mimi nautaka zaidi yao, lakini sitauondoa kwa kitu kile kile kilichonifanya niukose. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mle ndani. Kazungu akaweka karanga chini. "Basi itabidi nitafute suti," akasema.

Hema lilikuwa jeupe, limefungwa kati ya nyumba na ukuta wa bustani, ziwa linaonekana kwa chini. Viti vya plastiki mistari sita. Wanawake wa ukoo walikuwa wamepika wali, maharage, ndizi, mbuzi, mukeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga mzima mzima, na harufu ilikuwa ya kumfanya mtu asamehe. Kreti za bia zilikuwa zimepangwa kivulini. Mtungi ulikuwa katikati, mirija imesimama. Watu wangu wanne walikaa mstari wa tatu: Selemani na kofia yake na fanta, Mama Nadine ameshika mkoba magotini, Kazungu ndani ya suti iliyomshika kama ngozi, na kijana mmoja mpya ambaye hata jina lake hatukuwa tumelizoea. Binamu yangu mmoja alipita na trei akasema kwa sauti, "Eliya, umekuja na maaskari?" Mwingine akajibu, "Apana, ni fanfare, ni bendi. Ule munene anapiga ngoma." Kazungu akainua fanta yake kwao kama anawabariki. Mama mdogo Esperance, mdogo wake mama, alikuwa amekaa mbele kabisa, mgongo umenyooka. Hakuwa amenisemesha tangu mazishi.

Baba mdogo alisema maneno marefu na mazuri, kwa Kirundi, halafu kwa Kifaransa kwa ajili ya wakwe. Akaniita. Nilitembea mpaka kwenye mtungi. Povu lilikuwa linapumua. Harufu ya mtama uliochachuka ilinipanda puani na mwili wangu wote ukaijibu, mate yakajaa mdomoni, sitaki kudanganya, kama mtu angefumba macho ya watu wote kwa sekunde tano ningevuta mpaka chini. Gaspard alinisogezea mrija. Nikaushika. Nikaurudisha kwenye mtungi. Nikageuka kwa watu, nikaanza kupanga.

Nilisema, mama yangu tulimzika Jumamosi. Saa kumi na mbili nilifagia uwanja. Nikaosha vikombe. Nikachagua kitenge cha kijani chenye samaki. Baba mdogo alinipa kikombe ili nipate nguvu, mimi nikanywa. Nikanywa vinne. Kaburini niliomba padri angoje, nikashindwa kuaga, mkaniweka ndani ya gari. Udongo sikutia. Sikumtukana mtu. Yote haya nimeambiwa na walioona, kwa sababu mimi siku ile sikuwepo. Leo nipo. Sitavuta.

Hapakuwa na makofi. Mkwe mmoja alikohoa. Baba mdogo alisema polepole, meno ameyakaza, "Keti chini." Nikasema nimemaliza, nitakaa. "Kwa ukoo huu," akasema, sasa kwa wote, "matanga hayajaondoka. We bado uko mu kilio." Nikamwambia, "Basi nitabaki mu kilio, Baba mudogo." Nikaenda mstari wa tatu, Kazungu akajisogeza, nikakaa. Kule mbele nilisikia Baba mdogo akivuta mwenyewe, mrija wa kwanza, na wanaume wengine wakaanza kusogea, wengine kwa kiu, wengine kwa aibu.

Ndipo Mama mdogo Esperance alisimama. Alikuja na kiti chake mkononi, akakiweka mbele yangu, akakaa magoti yetu yanagusana, mgongo ameupa mtungi. "Kuna kitu umeruka," akasema. Nikadhani anakuja kunitukana. "Mbele ya Gaspard kukuja na kikombe. Tulikuwa tunamuvalisha, ukasimama kwa mulango, ukaniuliza viatu vyake viko wapi. Nikakuambia tunamuzika bila viatu. Ukasema, atatembea hivyo? Nikakufukuza, nilikuwa na machozi. Nilipotoka nikaona viatu vyako kwa mulango. Ulienda makaburini miguu mitupu, Eliya. Mu ile mvua. Mi peke yangu niliona, na sikuambia mutu, kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia."

Na hapo, kwenye kiti cha plastiki, nilikumbuka tope. Siyo mtu aliyeniambia, lilitoka ndani. Tope baridi linaingia kati ya vidole, jiwe dogo chini ya unyayo wa kushoto, na wazo langu la siku ile, wazi kabisa, kwamba mama naye sasa anahisi hivi. Ndicho kipande pekee cha Jumamosi ile ambacho ni changu mwenyewe. Nililia mbele ya wakwe na binamu na sahani za mukeke, kwa sauti, na hakuna aliyeniletea kikombe. Mama Zawadi, aliyekuwa anagawa wali, aliweka bakuli chini akasema yeye anakumbuka wimbo walioimba. Mtu mwingine akasema apana, ule ulikuwa wa Ijumaa. Wakabishana. Viti vikaanza kugeuka upande wetu.

Kazi ya bandari niliipoteza wiki iliyofuata, na harusi ya binamu ilifanyika vilevile, bila mimi. Nilipooa, upande wa Baba mdogo haukuja, kwa sababu mtu aliye kwenye matanga haoi. Kwa hesabu ya ukoo niko kwenye matanga mpaka leo, mwaka wa kumi na mbili. Waache wahesabu. Mimi mama yangu nilimzika Jumamosi ile ya mtungi, saa tisa mchana, Kibenga, mbele ya watu wanaokunywa, na sikuwa na tone mdomoni.